Mradi wa mzinga: joto kwa vipindi, mvumo kwa mkupuo

Ninachotaka kutoka kwenye mradi huu ni kimoja: kujua kundi la nyuki linapojiandaa kuhama, kabla halijahama. Mzinga uko shambani, nje kidogo ya mji wa Tabora upande wa Kipalapala, karibu na stoo yenye umeme. Ndani nimeweka vihisi joto vitatu aina ya LM35: kimoja katikati ya masega ya majana (watoto wa nyuki), kimoja pembeni kwenye asali, kimoja mlangoni. Chaneli ya nne ni ya maikrofoni ndogo, ya kusikiliza mvumo wa nyuki. Nyaya zote zinaingia kwenye dataloga (kifaa kinachosoma volti za vihisi) iliyo stoo, nayo imeunganishwa na laptopu kwa USB. Waya wa USB hautakiwi kuzidi mita 5, kwa hiyo nilizorefusha ni nyaya za vihisi.

Wiki hii nimeamua dataloga isome lini, na kwa kasi gani.

Nimeanza na joto, maana ndilo jepesi. Nyuki hulishika joto la majana kati ya nyuzi 32 na 36, iwe usiku wa baridi wa Julai au mchana wa Oktoba jua linapouchoma msitu wa miombo. Kitu kinachobadilika taratibu hivyo hakihitaji kasi. Nimechagua hali ya vipindi: somo moja kila dakika 10, yaani masomo 144 kwa siku kwa kila kihisi. Ila kila somo ni wastani wa sampuli nyingi zilizochukuliwa ndani ya milisekunde 100, na namba hiyo ina sababu yake. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Ndani ya 100 inaingia mizunguko mitano kamili, na mtetemo wa umeme unaodandia nyaya ndefu unajifuta wenyewe kwenye wastani. Ukiweka 90, mzunguko wa mwisho unakatwa katikati na mabaki yake unayasoma kama joto.

Kisha kipimo cha volti, yaani volti ya juu kabisa ambayo dataloga itasoma. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi, kwa hiyo mzinga wa nyuzi 35 unatoa milivolti 350 tu. Dataloga yangu ni ya biti 12, yaani hukigawa kipimo hicho katika ngazi 4,096. Kwenye kipimo cha volti 5, ngazi moja ni nyuzi 0.12, kwenye volti 1 ni nyuzi 0.024 hivi. Nimeweka volti 1. Kihisi chenyewe kinaweza kupotoka karibu nusu nyuzi, lakini ninachofuatilia ni joto linavyopanda na kushuka, na hapo ngazi ndogo zinasaidia sana.

Kazi kubwa imekuwa kwenye mvumo. Mbawa za nyuki kibarua hupiga mara 230 hivi kwa sekunde, na sampuli lazima zizidi mara mbili ya hapo, yaani zaidi ya 460. Ukichukua 250 kwa sekunde, mvumo wa hezi 230 utajitokeza kwenye grafu kama wa hezi 20. Grafu itakuwa safi kabisa, na ni ya uongo. Hakuna hesabu ya baadaye itakayokuambia ukweli ulikuwa upi. Hili kwangu ndilo jambo zito kuliko yote kwenye mipangilio.

Nimeweka 2,000. Dataloga ina kigeuzi kimoja, cha kugeuza volti kuwa namba, kinachozungukia chaneli zote, kwa hiyo kasi yake hugawanywa kati ya chaneli zilizowashwa. Wakati wa kusoma sauti, vihisi joto nimevizima. Mbele ya chaneli nimechomelea rezista ya kiloomu 3.3 na kapasita ya maikrofaradi 0.1, vipunguze sauti kuanzia hezi 480 hivi kwenda juu, zile za juu sana zisijifanye za chini.

Kurekodi mfululizo nimekataa. Sampuli 2,000 za baiti mbili kila sekunde ni megabaiti 345 kwa siku, na nyingi ni mvumo uleule. Hali ya mkupuo inatosha: sekunde 10 kila nusu saa, chini ya megabaiti 2 kwa siku. Programu haikubali hali mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo nina faili mbili za mipangilio na laptopu inazipokezanisha kwa ratiba. Laptopu nimeizuia isilale, kwa sababu data inaandikwa moja kwa moja kwake.

Imebaki hali ya kufyatuliwa, ambapo dataloga husubiri mpaka sauti ivuke kizingiti. Hiyo naiweka kando kwanza. Mvua kwenye bati la mzinga ingeifyatua kutwa nzima, na kizingiti kinataka kwanza nijue mvumo wa kawaida wa asubuhi, wa mchana wa jua kali na wa usiku. Mikupuo ikishanipa hiyo, nitakiweka juu yake na kuiagiza programu ihifadhi pia sekunde 30 za kabla ya kuvuka, maana ninachotaka kusikia ni nyuki wakiwa bado ndani, wanajiandaa.