Duka la maboksi na deni langu la mia mbili

Leo nimerudi skuli sauti imekauka, ila roho kunjufu, na kwa vile umeme upo nikasema niandike kabla sijasahau.

Kuna mtoto mmoja darasa langu la tatu, jina naliacha, kutoa kwa kukopa kumemshinda tangu mwaka uanze. Umwandikie ubaoni 1000 kutoa 650 anakupa 1650, mana sifuri haitoi tano basi yeye anageuza tu, tano inatoa sifuri, sita inatoa sifuri, ile moja anaishusha kama ilivyo. Yani umeenda dukani na elfu, umenunua, na umerudi na pesa nyingi kuliko ulizotoka nazo! Nimemueleza mpaka nkachoka, nenda kakope kwa jirani, jirani nae hana, nenda kwa jirani wa pili, kumbe ndo nazidi kumvuruga.

Sasa wiki ilopita nkaanzisha duka. Paketi tupu za majani ya chai, maboksi ya sabuni, chupa za mafuta, na noti tumezikata wenyewe kwa karatasi za maboksi, kuanzia hamsini mpaka elfu. Huyu bwana mdogo nkamfanya muuzaji. Nkanunua mafuta ya 650 nkampa elfu, hata kalamu hakushika, ananiwekea mkononi huku anahesabu, "hamsini, mia saba. Mia mbili, mia tisa. Mia, elfu. Haya ticha." Mie kimya. Jioni anauza ubuyu na kashata za mamake, chenji anarejesha kila siku, ila anapanda kutoka bei kwenda juu, hatoi chochote. Nliporudi ubaoni nkamwambia andika vile ulivyonihesabia, akaandika 50, 200, 100, akajumlisha, 350. Mwaka mzima nang'ang'ania majirani wangu wasokuwa na kitu!

Kugawa tumefanyia nje, chini ya mwembe, tumechimba vishimo safu nne, kila safu vinane, kama bao lenyewe, na komwe 64. Nkawapa komwe 24 wagawe sawa kwenye vishimo vitano, zikaingia nne nne, zikabaki nne, hapo ugomvi, kila mmoja anataka zile nne ziende kwake mpaka wakakubaliana zikae pembeni. Hio ndo baki, nkawaambia, na hakuna alouliza tena baki ni nini. Baba mmoja kapita akaona, akanijia juu, "Mwalimu, mie mwanangu namleta asome, bao atalikuta barazani kwa babu yake." Nkamwambia karibu ukae kidogo baba. Akakaa, haikufika robo saa yeye ndo anasahihisha watoto, na sauti kubwa kuliko yangu.

Kuzidisha kwa nne sikupata hata tabu. Kopo moja kibaba, vibaba vinne pishi moja, mchanga tele uwanjani. Wengi hapa Pemba wamekua wanasikia pishi za karafuu, ukimuuliza pishi saba vibaba vingapi anapima kidogo afu anakujibu 28, ukimuuliza saba mara nne anaangalia dari.

Mchezo wa kukimbilia majibu ukutani sirudii. Walianguka wawili, mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza kuna moto?

Leo nimerudi dukani kwa yule muuzaji, nataka sabuni ya mia nne, mkononi nna mia mbili, nkamwambia nyengine ntaleta kesho. Akachomoa karatasi chini ya boksi, kumbe ana daftari la madeni, hilo sikumfundisha mie. Akapitisha kidole mpaka kwenye jina langu. "Ticha, juzi ulibakisha mia mbili. Na hizi za leo mia nne. Lipa kwanza."

Sabuni sikupewa.