Kitufe Kidogo cha Shangazi

Shangazi alinipigia simu Jumamosi asubuhi, na salamu hakutoa.

"Baba, njoo. Panya wamekula kompyuta."

Ulikuwa mwaka 2011, mwaka wa mgao wa umeme. Shangazi alikuwa na steshenari Chang'ombe, karibu na chuo: chumba kimoja, mashine ya fotokopi, printa na kompyuta mbili za kuunganisha. Wanafunzi walikuwa wanakimbizana na ripoti zao, na umeme ulipokuja jioni walijaa pale mlangoni kama foleni ya maji. Kompyuta moja ikilala, nusu ya mapato imelala.

Nilipofungua kasha nikakuta kiota. Panya walipitia nyuma, palipokosa kibati, wakajitengenezea makazi chini ya diski na kukata waya zote zinazotoka kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, kwenda kwenye vitufe na taa za mbele. Mkojo wao ulikuwa umekula bati mpaka likaoza. Mazabodi yenyewe ilikuwa nzima. Nikamwambia Shangazi tunahitaji kasha tu. Akanipa pesa kwa jicho la mtu anayeona anaibiwa.

Kabla ya kwenda Kariakoo nilifanya jambo nililoliona la kitaalamu sana. Nilichora ramani. Vile vichwa vya waya vilikuwa bado vimechomekwa kwenye pini, kila kimoja na kipande cha waya kilichobaki, nami nikaandika: kijani hapa, chungwa hapa, bluu na nyeupe hapa. Kisha nikavichomoa vyote, na Shangazi akavifagia pamoja na kiota akaenda kuvichoma moto nyuma ya nyumba.

Kasha nililonunua halikuwa jipya, ila lilikuwa safi. Nikapanda nalo daladala. Konda akalisukumia chini, likalala kifudifudi katikati ya miguu ya watu, na mama mmoja akaweka ndoo yake ya dagaa juu. Sikusema kitu. Kwenye daladala iliyojaa unaanzia wapi kumwambia mama wa watu atoe ndoo?

Tatizo la kwanza lilijitokeza nilipokwisha kufunga mazabodi kwenye kasha lile. Waya zake hazikuwa na kijani wala chungwa. Kila kiwanda kina rangi zake, na mimi nilikuwa nimeandika rangi tu. Vichwa vya waya vilikuwa na majina, POWER SW na RESET SW vya vitufe vya kuwashia na kuanzisha upya, POWER LED na H.D.D LED vya taa za umeme na diski, lakini ni jina lipi linakwenda kwenye pini zipi? Kijitabu cha mazabodi kilishapotea zamani. Maandishi kwenye ubao wenyewe yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, tena yamefunikwa vumbi, na mwanga niliokuwa nao ni wa simu ya tochi.

Nilichoweza kuona ni pini tisa katika safu mbili, na pengo moja ambapo ingekaa ya kumi. Leo mpangilio ule naujua kwa kichwa, maana mazabodi nyingi zinaufuata: jozi iliyo jirani na pengo, katika safu ileile, ndiyo ya kuwashia, mkabala nayo ni ya riseti, upande wa mbali na pengo ndiko ziliko taa mbili. Siku ile nilibahatisha kwa kukodoa macho.

Saa 12 jioni umeme ukarudi. Nikawasha swichi ya ukutani, na kabla sijabonyeza chochote feni ikazunguka. Nikapiga kelele ya furaha. Shangazi akasema "Alhamdulillahi." Moja, mbili, tatu, nne. Kimya.

Nikabonyeza kitufe. Hakuna kitu. Nikazima ukutani, nikasubiri, nikawasha: feni, sekunde nne, kimya. Nikachomoa waya zote nikazibadilisha. Zikiwa kwenye pini nyingine haiwaki kabisa. Nikizirudisha, inawaka na kufa. Niliendelea hivyo mpaka saa 5 usiku, wanafunzi wakinichungulia begani na kila mmoja akitoa ushauri wake. Mmoja alisema ni virusi.

Asubuhi Shangazi hakuniuliza kitu. Alinyanyua kasha akalipeleka ng'ambo ya barabara, kwa mzee mmoja fundi redio aliyekuwa anakaa chini ya mwarobaini na mizoga yake ya redio kaseti. Niliona aibu. Mimi nasoma kompyuta chuoni, napelekwa kwa fundi redio!

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona macho mekundu hivyo?"

Nilimweleza. Akasema kompyuta hazijui, hajawahi kufungua hata moja, lakini swichi anaijua. Akatoa brashi, akafuta vumbi, akaweka lenzi jichoni akanisomea zile herufi moja moja. Nilikuwa nimepatia kila kitu isipokuwa taa ya diski, niliyoigeuza. "Taa ina chanya na hasi. Ukiigeuza haiwaki, basi. Swichi haina kichwa wala mkia." Kichwa cha POWER LED kilikuwa na matundu matatu na la katikati tupu, wakati pini zake ni mbili zilizoshikana, mimi nilikichomeka nusunusu. Yeye akanyanyua kijilimi cha plastiki kwa ncha ya sindano, akavuta waya mmoja na kuuhamishia tundu la katikati. Hakutumia hata dakika moja.

Kisha akachukua mita yake, akagusisha ncha zake mbili kwenye kichwa cha POWER SW. Mita ikalia tiiii.

"Umebonyeza?"

"Sijagusa, mzee."

"Sasa nani anabonyeza?"

Tukatazamana. Nikaikumbuka ndoo ya dagaa.

Tulipobandua uso wa kasha tulikuta plastiki imebonyea ndani, na kile kiswichi kimepondeka, kimebaki kimeshikana. Kumbe usiku kucha mazabodi ilikuwa inatii. Ukiishikilia swichi sekunde nne, kompyuta inajua umetaka izimike kwa nguvu. Nilizoea kufanya hivyo mwenyewe kila kompyuta ya chuo ilipoganda, na haikunijia akilini hata kidogo.

Kiswichi cha kubadilisha hakuwa nacho. Akashika kichwa cha RESET SW akauliza hiki ni cha nini. Nikamwambia cha kuanzisha upya. "Na hicho utakikosa?" Akakichomeka kwenye pini za kuwashia, cha kuwashia akakifunga pembeni kwa utepe. Malipo hakutaka, alitaka kitambulisho chake kitolewe fotokopi mbili.

Jioni ilipowaka na kubaki imewaka, Shangazi alibandika plasta ya kidonda juu ya kitufe kikubwa, na pembeni ya kile kidogo akachora mshale kwa kalamu ya mafuta. Haikusaidia. Kwa miaka mitatu kasha lile lilipodumu, kila mwanafunzi mgeni alibonyeza plasta, na Shangazi akapaza sauti kutoka nyuma ya mashine ya fotokopi, bila hata kugeuka: "Hako kadogo, mwanangu! Hako kadogo!"