Noti nne tu, wiki tatu: nilivyojifunza besi ya Where Is My Mind?

Mimi besi nimejifunzia kwaya. Hakuna darasa wala nini, mpiga besi wetu alihamia Mwanza, mimi nilikuwa napiga gitaa la rithm, nikaambiwa shika hilo gitaa jumapili kuna ibada. Huu mwaka wa sita sasa. Kwa hiyo mkono wangu umezoea mapambio na sebene, besi inayotembea, inapanda inashuka, inaacha kijinafasi inamchokoza mpiga drams halafu inarudi kama haijafanya kitu. Nikawa najiona najua.

Mwaka jana jamaa wetu wa solo akaja na wimbo mmoja alioukuta mwisho wa ile muvi ya Fight Club ya 1999, pale majengo yanapoporomoka. Where Is My Mind?, wa Pixies, bendi ya Boston huko Marekani, uko kwenye albamu yao ya Surfer Rosa ya 1988. Akasema kaka huu tuupige siku moja tukimaliza mazoezi, wenyewe tu, hamna mtu. Nikausikiliza mara moja kwenye simu nikacheka. Nikamwambia nipe siku mbili.

Kichekesho cha kwanza, jioni mbili nzima nilikuwa najifunza kitu ambacho hata sio besi. Spika ya simu besi haitoi jamani, inatoa vitu vya juu tu, na mle ndani kuna gitaa la Joey Santiago, mpiga solo wa Pixies, linaimba kimstari fulani kitamu kinajirudia rudia, mimi nikakishika chote, nikakihamishia kwenye nyuzi zangu, nikaenda nacho mazoezini kifua mbele. Solo akaniangalia weee, akasema, "Kaka, hiyo ni ya kwangu." Nikaenda kununua hedfoni. Kama unataka kujifunza besi ya wimbo wowote anzia hapo, hedfoni, hata zile za bei chee, halafu kule YouTube shusha spidi mpaka 0.75.

Na hedfoni nikaikuta besi yenyewe. Noti nne. E, C shapu, G shapu, A, basi, unarudi mwanzo. E unaiachia wazi ule uzi mnene kabisa, C shapu iko freti ya 4 (freti ni vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa) uzi unaofuata, G shapu freti ile ile ya 4 ila kwenye uzi mnene, A unasogeza freti moja tu. Mkono wa kushoto karibu hauna kazi. Dakika kumi nikawa nimemaliza na nikajisikia kama nimepunjwa.

Tulipoupiga pamoja ukawa sio ule wimbo. Noti zote sahihi lakini ukisikiliza unasikia pambio. Mpiga drams, ambaye ni mkubwa kwetu na huwa hasemi sana, akaweka fimbo chini akasema, "Mdogo wangu, unaongea sana." Nikabisha. Tukajirekodi kwenye simu, nikasikiliza na hedfoni, aisee. Kila nikifika A najipenyeza kidogo kwenda E, naweka kikorombwezo, na kila ikikaribia kubadilika natangulia au naacha nafasi ile ya sebene. Sikuwa najua kabisa kama nafanya hivyo! Kule kwetu usipofanya hivyo watu wanakuona umelala, huku ukifanya umeharibu, maana besi ya hawa watu kazi yake ni kugonga noti moja ile ile sawasawa mpaka muda wa kuhama ufike, gitaa na sauti vihangaike huko juu.

Nikaanza kumfuatilia huyo dada aliyepiga besi kwenye wimbo huo, Kim Deal. Nilichokikuta kikanipa moyo. Mwaka 1986 wenzake waliweka tangazo gazetini wanatafuta mpiga besi, yeye ndiye peke yake aliyeitikia, na alifika bila besi maana alikuwa mtu wa gitaa la kawaida, ikabidi atumie ya pacha wake. Yaani kama mimi tu nilivyotolewa rithm. Halafu anatumia piki, kile kiplastiki cha kuchapia nyuzi, na mimi miaka yote natumia vidole. Piki sikuwa nayo, nikakata kadi ya plastiki iliyokuwa imebeba laini ya simu, nikaisugua sakafuni mpaka ncha ikalainika. Ilisaidia kuliko kitu chochote, kwa sababu vidole vyangu vina mazoea yao ila piki haijawahi kupiga pambio maishani mwake.

Zile wiki mbili zilizobaki zilikuwa za kuchosha, sina cha kusimulia sana. Spika ya kwaya inabaki kanisani, kwa hiyo nyumbani nilikuwa naegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati, mbao inatetemeka, sauti inatoka ya kutosha (jaribuni, ila toeni vyombo vya juu kwanza, sisi tulipoteza glasi). Metronomu ya kwenye simu, ile inayogonga kuhesabu mapigo, noti nne, dakika nne, bila kuongeza kitu. Mkono unawasha! Mara ya kwanza nimefika nusu nikaongeza. Mara ya pili hivyo hivyo. Mke wangu akauliza hivi huo wimbo hauendelei?

Alhamisi moja tukaupiga tena. Solo akaingia na kile kimstari chake, drams nzito, na mimi chini natwanga tu, G shapu, A, narudi E, na kufika katikati nikagundua kimstari chake kinasikika kitamu kuliko siku zote kwa sababu mimi sisogei. Tukafika mwisho. Mpiga drams hakusema kitu, akahesabu upya tukaurudia mara tatu.

Sasa jumapili yake kwenye ibada, pambio la kwanza, nikakuta nimeshika ile piki na natwanga noti moja moja, mpaka mwisho. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya akaniita pembeni, kaniwekea mkono begani kwa huruma kabisa.

"Mwanangu, leo unaumwa?"