Mariamu Anatafuta Chumba Kimara

Vijana wa usharika wetu, Kimara, Dar es Salaam, walikuwa wamelichoka igizo la Krismasi. Hawakusema, ila ulikuwa unaona. Kila Desemba shuka lile lile la bluu, mabawa yale yale ya boksi, na malaika anayesahau "Msiogope." Mwaka 2022 kazi ya kuwaandaa niliangukiwa mimi, na nilijua nikigawa karatasi za kukariri nitabaki na watoto wa shule ya Jumapili peke yao.

Iliyonikomboa ni sensa. Tulihesabiwa Agosti 23, mwisho wa Oktoba tukatangaziwa kwamba Watanzania tuko 61,741,120, na baadhi ya wanakwaya walikuwa makarani. Nikawasomea Luka 2, amri ya Kaisari Augusto ya watu kuandikishwa, kila mtu mjini kwao. Karani mmoja akadakia: "Sisi tuliwafuata watu majumbani kwao. Huyu Kaisari anawatembeza na mimba?"

Basi nikapita kwa waumini wenye nyumba za kupangisha. Niliwaambia Jumamosi jioni atakuja kijana na binti mjamzito kuomba chumba. Msikariri kitu, mjibuni kama mnavyomjibu mpangaji yeyote.

Binti tulimfunga mto chini ya kitenge. Yusufu alikuwa kijana anayejifunza useremala kweli, kwa mjomba wake. Sisi wengine tulifuata nyuma na tochi za simu, mbwa wa mtaa mzima wakitubwekea.

Nyumba ya kwanza: kodi ya miezi sita, na ya dalali mwezi mmoja. Yusufu akasema anayo ya miezi miwili. Geti likafungwa. Ya pili, baba mwenye nyumba alilitazama tumbo, akasema wapangaji wanagombania choo kimoja, na mtoto mchanga ni maji mengi. Mgao wa maji ulikuwa bado haujatutoka mwilini, kwa hiyo tulicheka sana.

Ya tatu ilikuwa ya mama mmoja, mtu wa sala hasa. Aliwatazama kuanzia utosini hadi miguuni.

"Cheti cha ndoa mnacho?"

"Bado, mama. Nimemposa tu."

"Na hiyo mimba?"

Yusufu akakwama. Binti ndiye aliyejibu, taratibu: "Si yake, mama."

Hakuna aliyecheka. Yule mama alijifunga khanga upya, akakaa barazani. "Sasa mwanangu," akasema, "hapo mimi nikusaidieje?" Nimesikia mahubiri mengi juu ya Mariamu, lakini sikuwahi kuiona aibu aliyoibeba ikisimama mlangoni kwa mtu namna ile.

Tuliporudi kanisani kunywa chai, swali likatoka kwa kijana ambaye kwa kawaida huwa amelala. "Mwalimu, Bethlehemu si kwao Yusufu? Mtu wa ukoo wa Daudi afike kwao akose hata shangazi?" Ukiuliza hivyo Kimara katikati ya Desemba, wakati nusu ya mtaa iko stendi ya Mbezi ikigombania basi la Moshi, unatakiwa ujibiwe. Mimi sikuwa na jibu.

Alijibu mzee wa kanisa mmoja, Mchaga. "Labda hakukosa. Nyumba ilijaa tu. Kwa bibi yangu ng'ombe walilala ndani pamoja na sisi. Wageni wakizidi, mwenye kichanga anasogezwa pale penye joto, kwenye mifugo." Wapo wanazuoni wa Biblia wanaosema nyumba nyingi za Palestina ya kale zilikuwa hivyo hivyo, hori likiwa mle mle ndani. Tukafungua tena Luka: mwenye gesti hatajwi popote.

Basi mwenye gesti tukamtoa kwenye igizo. Krismasi iliangukia Jumapili, na igizo lilichezwa katika nyumba iliyofurika mashangazi wanaoongea kwa mpigo, mmoja wao kijana mwenye ndevu aliyekuwa amepangiwa ugesti, sasa yuko ndani ya gauni la mama yake. Baada ya ibada mchungaji akaniuliza Mamajusi wako wapi. Nikamwambia Mathayo hasemi walifika usiku ule, bado wako njiani.