Nilivyoongoza wenzangu Mlima Kenya bila kupaza sauti

Darasani nilikuwa yule msichana ambaye mwalimu akiita majina, hushangaa kusikia kumbe nipo. Niliposema nimejiandikisha President's Award ngazi ya dhahabu, mama alicheka mpaka akaketi. Tuzo hii ya vijana ipo Kenya tangu 1966. Ukiwa na miaka 14 unaanza na shaba, unapanda fedha, na dhahabu unasubiri utimize 16. Kujitolea, kujifunza stadi na mazoezi ya mwili nilivimudu. Kilichonikosesha usingizi ni safari yenyewe: siku nne porini, mzigo mgongoni, na kila siku mmoja wenu ndiye kiongozi.

Mtoto wa Kilifi baridi ataijulia wapi? Jaketi na glavu nilizichimbua kwenye mitumba ya Kongowea, muuzaji akiniuliza kama nahamia Ulaya. Tukapanda treni mpaka Nairobi, kisha gari mpaka Nanyuki, tukaingilia lango la Sirimon.

Zamu yangu ikaangukia siku ndefu, ya kutoka kambi ya Old Moses, mita kama 3,300 juu ya bahari, hadi Shipton, kama 4,200. Hotuba siziwezi, kwa hiyo sikutoa. Usiku wa kuamkia zamu nilimwendea kila mwenzangu peke yake: umekula? Kichwa kikoje? Viatu vinakubana? Hapo ndipo nilipojua nani ana malengelenge anayaficha na nani amebeba maji nusu chupa. Mtu hasemi mambo hayo mbele ya kundi.

Asubuhi nikamtanguliza aliye mzito wa mwendo, sisi wengine tukafuata nyuma yake. Kapteni wetu wa mpira akalalamika.

"We, hivi tutafika usiku!"

"Kama una nguvu za ziada, chukua na begi lake."

Alilichukua, kwa kiburi tu. Baada ya mwinuko mmoja hatukumsikia tena, na siku ile mwendo wa pole ukawa na mtetezi mpya.

Tulipovuka mto Liki Kaskazini, rafiki yangu mmoja, mcheshi kuliko sote, alinyamaza. Akakataa chapati. Akasema kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Tulifundishwa kabla ya kuja: huko juu hewa ni nyepesi, mwili haupati oksijeni uliyoizoea, na mwenye dalili hizo hapandi tena, zikizidi anashushwa. Yeye aliniomba kwa macho ninyamaze. Nami kunyamaza ndiyo kazi niliyoizoea maisha yangu yote! Nikamfuata mwalimu.

"Mwalimu, huyu asiendelee kupanda."

Mwalimu akamkagua, akakubali, akamrudisha Old Moses pamoja na mmoja wa waongoza njia. Rafiki yangu aliondoka bila kuniaga. Sisi tukafika Shipton jioni, wenzangu wakichekea pimbi wanaodoea makombo, mimi nikiwaza maneno ya kumwambia.

Kuhusu kilele cha Lenana, mita 4,985, sina mengi. Giza, changarawe inayoteleza, baridi ya kukata masikio, halafu jua. Kila mtu ana picha zake. Mimi kilichonikaa ni yale maneno matatu niliyomwambia mwalimu, kwa sababu hakuna aliyenituma kuyasema.

Sijageuka msemaji. Kwenye midahalo bado naketi nyuma. Ila baba alipotaka kunihamisha shule likizo ile, nilimwambia, "Baba, naomba unisikilize kwanza," na alinisikiliza hadi nikamaliza. Zamani ningelia chumbani.

Rafiki yangu yule tulipofika chini alikuwa mzima kabisa na hasira zake zote. Ilichukua muda. Sasa anafanya mazoezi ya kupanda ngazi na mkoba umejaa vitabu, na amenialika tuurudie mlima pamoja kwa sharti moja: siku ya Shipton, kiongozi awe yeye.