Mkanda wa feni umekatika njiani: siku moja ya dereva wa lori, saa kwa saa

Saa 11:00 alfajiri. Injini imelala baridi usiku kucha, na huu ndio wakati mzuri wa kuukagua mkanda. Tochi mkononi, inua kabini, utazame mkanda mzima, si ule upande unaoonekana tu. Mkanda uliochoka huwa na nyufa zinazokatiza mifereji yake, kingo zinazotoa nyuzi, au mgongo unaong'aa. Vumbi jeusi la mpira kuzunguka puli, yaani gurudumu linalopitiwa na mkanda, ni dalili mbaya zaidi, kwa sababu lina maana kwamba puli imekaa upande au beringi inacheza, na mkanda unasagwa. Mkanda wa akiba uwe kwenye kabini, namba yake ikiwa imelinganishwa na ya ule uliofungwa. Pamoja nao: lita 20 za maji safi, kulanti (dawa ya kuchanganya na maji ya kupozea injini), seti ya spana na mpini mrefu wa kulegezea kikaza mkanda.

Saa 12:00 asubuhi. Upepo wa breki umejaa, mzigo umefungwa. Safari inaanza.

Saa 3:20. Taa ya chaji inawaka. Muda si muda sindano ya joto inaanza kupanda. Dalili hizi mbili zikija kwa pamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni mkanda, maana kwenye malori mengi ndio unaozungusha altaneta inayochaji betri na pampu ya maji ya kupozea injini. Kompresa ya upepo na pampu ya usukani mara nyingi huzungushwa na gia za injini yenyewe, kwa hiyo breki na usukani bado vipo. Toa lori barabarani bila papara, utafute sehemu ngumu na tambarare, kisha uzime injini papo hapo. Wapo wanaoshauri injini iachwe inguruma polepole ili ipoe. Ushauri huo unafaa pale pampu ya maji inapozunguka. Hapa haizunguki: maji yamesimama, na kila dakika ya moto inaisogeza gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, karibu na kuungua.

Saa 3:30. Breki ya mkono, kabari kwenye matairi, kizibao cha kuakisi mwanga mwilini. Pembetatu iwekwe kuanzia mita 50 nyuma ya lori, na kwenye barabara ya kasi mita 100 au zaidi. Kama kuna kona, ikae kabla ya kona. Taa za tahadhari zinakula betri na hakuna kinachochaji, kwa hiyo zima redio na kila kisicho cha lazima.

Kifuniko cha rejeta kisiguswe. Mfumo uliofungwa kwa shinikizo la takriban baa 1 huyafanya maji yachemke kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Ukifungua kikiwa cha moto, shinikizo linaondoka ghafla na maji yanageuka mvuke usoni pako. Subiri saa nzima, mpaka hosi ya juu ishikike kwa mkono mtupu bila kuunguza.

Saa 4:30. Ufunguo utoke kwenye swichi na ukae mfukoni mwa anayeshika kazi. Utingo akijaribu kuwasha wakati mkono wako uko kwenye puli, vidole vimekwenda.

Kazi ya kwanza ni kujua mkanda umekatika kwa nini. Toa mabaki yote, hasa nyuzi zilizojisokota nyuma ya puli, kisha zungusha kila puli kwa mkono: altaneta, pampu ya maji, kikaza, na zile za kuelekeza. Inayokwaruza au kucheza huku na huko imeharibika. Puli ya kikaza inayozunguka muda mrefu kwa wepesi nayo usiiamini. Beringi yenye grisi ya kutosha huzunguka kimya na kusimama mapema. Ile inayoteleza bila kikomo imeshakauka. Ukifunga mkanda mpya juu ya puli iliyogoma, utaukata kabla hujafika mbali. Kama iliyogoma ni pampu ya maji, hapo safari imekwisha, ita gari la kuvuta. Kamba wala mpira wa tyubu hauwezi kushika nafasi ya mkanda.

Saa 5:00. Fuata mchoro wa mkanda uliobandikwa karibu na injini. Upande wa mifereji hukaa kwenye puli zenye mifereji, mgongo kwenye puli laini. Vuta kikaza kwa mpini, pitisha mkanda kwenye puli ya mwisho, achia polepole. Pitisha kidole kwenye kila puli: mkanda ukiruka mfereji mmoja tu, utajichana. Washa sekunde 10, zima, kagua tena.

Saa 5:30. Dipstiki kwanza. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Injini isiwashwe tena. Ikiwa safi, jaza maji na kulanti polepole, kwa sababu maji baridi yakimwagwa kwa kishindo kwenye injini ya moto yanaweza kupasua hedi. Washa, fungua hita ya kabini hadi mwisho, endelea kuongeza kadiri hewa inavyotoka. Hita ikipuliza baridi huku injini ina moto, bado kuna hewa ndani au maji hayatoshi. Usidanganywe na geji katika hali hiyo: sensa ikikaa kwenye hewa badala ya maji inaweza kuonyesha joto la chini kuliko lililopo. Volti ziwe kati ya 27 na 28.5 kwa mfumo wa volti 24.

Saa 6:15 mchana. Kabla ya kuondoka, upepo upande hadi karibu baa 8, kwani lori limesimama muda mrefu. Kilomita 5 za kwanza ni za majaribio: simama, tazama mkanda, hosi, na kiwango cha maji. Rudia baada ya kilomita 25, kisha 50. Moshi mweupe usiokoma wenye harufu tamu, au mapovu yasiyoisha kwenye tangi dogo la kulanti, ni gasketi ya hedi.

Saa 8:00. Mlima. Shusha gia mapema, shikilia mizunguko kama 1,500 kwa dakika. Ukiilazimisha injini kwa gia kubwa na mizunguko ya chini, pampu ya maji inazunguka polepole wakati joto ni kali zaidi. Joto likipita 100, punguza mwendo. Likiendelea kupanda, simama, na safari hii uiache injini ingurume, kwa kuwa pampu inafanya kazi. Kwenye mteremko tumia breki ya ekzosi (inayobana moshi wa injini) kabla ya ritada ya mafuta (kifaa kinachopunguza mwendo kwa nguvu ya oili), maana ritada hiyo humwaga joto lake kwenye maji yaleyale ya injini.

Saa 9:30. Mapumziko ya dakika 45. Muda ule wa kuhangaika na spana haukuwa kupumzika, na mwili uliochoka huchelewa kuiona sindano ikipanda.

Saa 12:00 jioni. Acha injini ingurume dakika 3 hadi 5 ili turbo ipoe, kisha zima. Andika kwenye daftari la gari: mkanda umebadilishwa, puli ipi ilikuwa na sauti, lita ngapi za maji zimeongezwa, joto lilifika wapi. Fundi apime mfumo wa maji kwa pampu ya shinikizo na aondoe maji matupu yaliyoongezwa, arudishe mchanganyiko sahihi wa kulanti. Kesho alfajiri, kabla ya kuwasha, kiwango cha maji kipimwe tena injini ikiwa baridi.