Mfuniko wa sufuria ndio ulioniokoa

Rafiki yangu aliyenishauri tukae kimya dakika 20 kila alfajiri ili kutuliza akili, familia nzima, macho tumefumba, hana mtoto hata mmoja. Sijui kwa nini sikujiuliza hilo mapema. Nikamwamini, nikanunua na mito ya kukalia, pesa si haba, ambayo siku hizi analalia paka.

Asubuhi ya kwanza tuliketi duara sebuleni. Dakika ya pili kitinda mimba wangu wa miaka minne akaninong'oneza, "Mama, tumekosa nini?" Kumbe alidhani tumepewa adhabu. Wa kati akamfinya kaka yake. Kufika dakika ya tano baba yao anakoroma, tena kwa mapozi. Nami mwalimu wa utulivu nikajikuta nafoka, "Tulieni! Nimesema tulieni!" Tuliendelea hivyo wiki mbili, maana mimi ni mbishi.

Baadaye nikasoma kwamba mafunzo maarufu ya namna hii yalianzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979, chuo kikuu cha tiba huko Massachusetts, Marekani. Yalikuwa ya wiki kadhaa, kwa watu wazima wenye maumivu sugu na msongo, waliokwenda kwa hiari yao. Hiari! Mimi wangu niliwaburuta kitandani. Humo mna zoezi la kula zabibu kavu moja polepole, ukiitazama, ukiinusa, ukiisikilizia ulimini. Nikalijaribu. Mdogo aliimeza kabla sijamaliza maelezo, akadai nyingine. Ila wa kati aliikodolea macho yake muda mrefu, akasema ina makunyanzi kama goti la babu. Hapo nikaona mwanga: wape kitu cha kushika au kusikia, si ukimya mtupu.

Ndipo nikautwaa mfuniko wa sufuria kubwa. Unauning'iniza kwa kidole ili usiguse kitu, unaugonga na kijiko mara moja tu, kisha kila mtu anausikiliza mpaka sauti ipotee kabisa kwake, ndipo anyanyue mkono. Basi! Watoto wakageuza mashindano, nikawaacha. Mimi na baba yao hunyanyua mkono kwanza, kwani sauti nyembamba huanza kutukimbia kadiri tunavyozeeka. Wao bado wameinamisha vichwa, midomo wazi, hata hawapepesi. Dakika nzima ya kimya nyumbani kwangu. Na hawajui kwamba huo ndio utulivu wenyewe.

Usiku mdogo analala chali, dubu wake wa kitambaa juu ya tumbo, "anambembeza" kwa pumzi. Kuvuta tunahesabu tatu, kutoa tano. Usimwambie avute pumzi nyingi, atahema kama mkimbiaji. Siri iko kwenye kutoa, maana ndipo mapigo ya moyo hupungua kasi. Mara nyingi dubu huanguka kabla ya pumzi ya kumi, mwenyewe keshalala.

Kijana mkubwa alisusa mwezi mzima. Sikumbembeleza. Siku hizi anapita tu mlangoni, anasimama, ananyanyua mkono wa mwisho kuliko wote, anaondoka.

Juzi maji yalimwagika sakafuni, nikaanza kuwaka. Mdogo akakimbilia jikoni, akarudi na mfuniko na kijiko, akagonga. "Mama, ukiacha kusikia unyanyue mkono." Nikasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamalizia kufoka kwa sauti ya chini, maana maji yalikuwa bado yapo.